Mchumi wa kahawa aliyeingia chumba cha giza

Mwenzangu mmoja tuliyefundisha naye idara moja alinipigia simu wiki mbili kabla ya kustaafu. Nilidhani tutaongelea kikokotoo cha pensheni, maana mstaafu wa siku hizi hana habari nyingine. Kumbe yeye kichwani alikuwa na kamera. "Mwalimu," akaniambia, "nimesahihisha mitihani miaka thelathini. Sasa nataka kupiga picha nyeusi na nyeupe, basi. Nianze na mashine gani?"

Nikamwomba asinunue kitu kwanza. Nilimwahidi kumwandikia kisa kimoja akisome kabla hajaingia dukani. Kisa kikarefuka kuliko nilivyokusudia, na kwa kuwa ninawajua wengine wanne au watano wenye ndoto hiyohiyo, nakiweka hapa wakione wote.

Ni kisa cha Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki Paris tarehe 23 Mei 2025 akiwa na miaka 81. Picha zake wengi wamekutana nazo hata kama jina hawalijui: maelfu ya wanaume waliopakaa tope wakipanda ngazi kutoka kwenye shimo la dhahabu, au umati wa wakimbizi chini ya moshi wa kuni asubuhi. Kisichokumbukwa sana ni kwamba hadi alipofika miaka 29 alikuwa mchumi wa kilimo, zao alilolishughulikia lilikuwa kahawa, na kahawa hiyo ndiyo iliyomleta ukanda wetu huu kwa mara ya kwanza.

Najua mwenzangu atanikatiza: huyo hakuwa profesa, alikuwa kijana tu. Kweli. Alikuwa na shahada ya uzamili kutoka Chuo Kikuu cha São Paulo, akaenda Paris kusomea uzamivu, kisha akaajiriwa na shirika la kimataifa. Hakuwahi kuomba kupandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi wala kukaa kwenye vikao vya seneti vya saa sita. Lakini alichokiacha ndicho tunachokiacha sisi: majedwali, safari za utafiti, ripoti zinazosomwa na watu wanane, na ule mwelekeo wa kumtazama mkulima ukaona mstari kwenye dodoso. Mimi kinachonivuta kwenye kisa hiki ni swali moja. Hivi kweli aliviacha?

Kamera ya mke

Alizaliwa tarehe 8 Februari 1944 Aimorés, jimbo la Minas Gerais, katika familia ya wafuga ng'ombe. Akasoma uchumi mjini Vitória, huko akampata Lélia Wanick, wakaoana mwaka 1967. Jeshi lilikuwa limeshaipindua serikali ya Brazil tangu 1964, na wao wawili walikuwa upande wa wapinzani. Mwaka 1969 wakahamia Ufaransa. Mume akaendelea na uchumi, mke akaanza kusomea usanifu wa majengo.

Kamera ilinunuliwa kwa ajili ya masomo ya mke. Nalisema wazi kwa sababu wasimuliaji wengi hulipita mbio. Mwaka 1970 Lélia alihitaji kupiga picha za majengo, wakanunua Pentax yenye lenzi ya milimita 50. Mume akachungulia kwenye kitundu chake, na picha yake ya kwanza ikawa ya mkewe huyohuyo, amekaa dirishani. Alikuwa na miaka 26. Wapiga picha za habari wengi kwa umri huo wameshakaa kazini miaka kadhaa, yeye ndiyo kwanza anauliza filamu inapakiwaje.

Mwaka 1971 akaenda London kufanya kazi Shirika la Kimataifa la Kahawa. Shirika hilo ndilo lililosimamia mkataba wa mgawo: kila nchi inayolima kahawa ilipangiwa kiasi chake cha kuuza nje ili soko lisifurike na bei isianguke. Wasomaji wa Bukoba na wa Kilimanjaro wana la kusema kuhusu bei hiyo kuliko mimi. Pamoja na mgawo kulikuwa na juhudi za kuwawezesha wakulima wasitegemee kahawa peke yake, na ndiyo maana Rwanda alifika kwa ajili ya mashamba ya chai. Safari hizo, nyingine zikiwa za miradi ya Benki ya Dunia, alizifanya akiwa na kamera mkobani. Akirudi London alikuwa na vitu viwili: ripoti ya kuandika na mikanda ya filamu ya kusafisha. Maisha yake yote alisimulia kwamba mikanda ilimpa furaha ambayo ripoti haikuwahi kumpa.

Mwaka 1973 akaacha kazi. Mshahara ulikuwa mzuri, na njia ya kwenda Benki ya Dunia ilikuwa nyeupe mbele yake. Wakarudi Paris, akiba yao ikaingia kwenye vifaa. Mwaka huohuo wakaenda Niger, wakati ule Sahel imeshikwa na ukame na njaa, Lélia akiwa mjamzito.

Tukiishia hapo tunabaki na hadithi ya ushujaa, na hadithi ya ushujaa haimsaidii mstaafu hata kidogo. Hebu tuikague kama tunavyokagua pendekezo la utafiti: nani alibeba gharama? Mume aliacha kazi, lakini uamuzi ulikuwa wa nyumba nzima. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa 1974, baba yuko mbioni kutafuta wa kumpa kazi. Miaka iliyofuata Lélia ndiye aliyechagua picha, akazipanga, akasanifu vitabu na maonyesho. Mwaka 1994 walipofungua ofisi yao Paris, Amazonas Images, ilikuwa ofisi ya kushughulikia kazi za mpiga picha mmoja tu, na aliyeishika usukani ni mke. Mtu akiniambia anataka kuwa Salgado, siku hizi namuuliza kwanza kama mkewe, mumewe au mwenzake yeyote amekubali kuwa Lélia. Wengi hukohoa.

Kuna na tofauti nyingine. Yeye kwa miaka kadhaa angeweza kurudi kwenye uchumi bila aibu, umri ulimruhusu. Sisi mlango huo ukishafungwa umefungwa. Kwa upande mwingine tuna pensheni, ndogo au kubwa, na yeye hakuwa nayo. Hofu yake ilikuwa kodi ya nyumba ya mwezi ujao. Hatari ya mstaafu ni kwamba hakuna kitu kinachomkimbiza, hivyo mradi wa miezi sita unakuwa wa miaka sita, halafu unakuwa kamera iliyofunikwa kitambaa juu ya kabati.

Hesabu za miaka ya mwanzo

Kuhusu fedha nitapita haraka, kwani soko alilolikuta halipo tena. Aliingia wakala wa picha wa Sygma mwaka 1974, akahamia Gamma 1975, na Magnum 1979. Mawakala hao waliishi kwa kuyauzia magazeti, na magazeti ya miaka hiyo yalilipia rangi. Naye alipiga za rangi alipotumwa. Tarehe 30 Machi 1981 alikuwa Washington, ametumwa na gazeti la New York Times kwa habari ya siku 100 za kwanza za Rais Ronald Reagan. Reagan akapigwa risasi nje ya hoteli, Salgado akiwa hapo hapo na kamera. Picha zile ziliuzwa dunia nzima, na fedha zake zikamwezesha kugharimia kazi yake ya Afrika. Kwa maneno mengine, miaka minane baada ya kuacha mshahara bado alikuwa anasubiri bahati imlipie safari. Mwenzangu, weka hilo kwenye kikokotoo chako.

Jedwali lililogeuka kitabu

Sasa turudi kwenye swali langu. Mwaka 1986 Salgado alianza mradi juu ya kazi za mikono, kazi za jasho, zile ambazo mashine ilikuwa inakaribia kuzifuta. Uliisha 1992, na kitabu kikatoka 1993. Alikwenda nchi zaidi ya ishirini. Tazama alichokitafuta: miwa, chai, tumbaku, uvuvi, machinjio, salfa inayobebwa mabegani kutoka kwenye volkano Indonesia, meli zinazoundwa na meli zinazovunjwavunjwa ufukweni Bangladesh, wachimbaji wa njia ya reli chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, wazima moto wa visima vya mafuta Kuwait mwaka 1991. Rwanda alirudi mwaka huohuo wa 1991 kwa ajili ya chai ileile aliyoijia akiwa mchumi.

Mpiga picha wa kawaida hupanga safari kwa kufuata habari inayovuma, au mandhari, au sherehe. Mpango huu umefuata sekta za uzalishaji, moja baada ya nyingine, kama sura za kitabu cha uchumi wa maendeleo. Aliyeketi na kuandika orodha ile alikuwa mtu wa tasnifu. Hata muda ni wa tasnifu: miaka sita au saba kwa swali moja, wakati wenzake walikuwa wanahesabu siku. Ndiyo maana nasema uchumi hakuuacha, aliubeba, na ulimsaidia pale ambapo kipaji cha macho peke yake kisingetosha.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni Serra Pelada, jimbo la Pará, Brazil. Dhahabu iligunduliwa huko mwishoni mwa miaka ya sabini, na watu wapatao 50,000 wakajazana kwenye shimo moja la wazi. Salgado alinyimwa kibali miaka sita, akaingia 1986. Ukiiangalia picha yake maarufu kwa mara ya kwanza unadhani ni utumwa: miili uchi nusu, magunia migongoni, ngazi za miti, askari pembeni. Watazamaji wengi huishia hapo, wanaumia, wanaondoka. Yeye aliandika jinsi shimo lilivyofanya kazi. Kila kiwanja kilikuwa na ukubwa wa mita 2 kwa 3, na kila kiwanja kilikuwa na mwenyewe. Wabebaji walilipwa, na mshipa wa dhahabu ulipopatikana kila mbebaji alikuwa na haki ya kuchagua gunia moja liwe lake. Huenda ndani mna utajiri, huenda mna udongo mtupu. Miongoni mwao walikuwamo watu waliosoma vyuo vikuu. Kilichowashika pale chini ni gunia lile moja, na hakukuwa na haja ya pingu.

Nadhani hiyo ndiyo sababu picha zile zina nguvu ambayo picha za "masikini wa watu" hazina. Kuna mtu nyuma ya lenzi aliyejiuliza nani analipwa nini na nani anamiliki udongo upi. Kamera haikumfundisha kuuliza hivyo, alifika Serra Pelada swali hilo akiwa nalo. Mhadhiri wa historia anayestaafu leo ana maswali ya namna hiyo mengi kuliko anavyojua, vivyo hivyo wa mifugo, wa fasihi, wa uhandisi wa maji. Makosa ninayoyaona kwa wenzetu ni kuyaacha maswali ofisini na kwenda kupiga picha za machweo.

Kwa nini nyeusi na nyeupe

Hapa inabidi niseme kidogo juu yetu. Kwa mtu wa rika langu, picha nyeusi na nyeupe si sanaa, ni picha ya babu ukutani. Ni studio yenye pazia la kuchorwa, kiti kimoja, ua la plastiki juu ya meza, na mpiga picha anayekuambia usipepese. Unguja, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 bado watu huingia kuangalia picha za Mji Mkongwe wa zamani. Rangi ilipokuja tuliishangilia, kwa sababu bila rangi ilikuwa ni kukosa. Kwa hiyo mwenzangu aliposema anataka nyeusi na nyeupe "basi", nilimuuliza: unataka picha, au unataka ujana wako? Akacheka, hakujibu.

Salgado alikuwa na jibu. Rangi, alisema, ilimvuruga mwenyewe kwanza. Kwenye filamu za rangi za wakati ule nyekundu na buluu zilitoka kali mno, na alipokuwa anapiga alijikuta anafikiria zitakavyong'aa badala ya kumfikiria mtu aliye mbele yake. Alipobaki na kijivu tupu aliweza kushughulika na uso, mkao, mikono na macho. Hiyo ni sababu ya kazi, wala haina uhusiano wowote na kukumbuka zamani.

Jaribu mwenyewe. Simama sokoni penye watu mia, mtoto mmoja akiwa na jezi nyekundu ya mtumba. Picha ya rangi itakuwa picha ya jezi. Mama aliyekunja uso nyuma yake, ambaye ndiye habari, hataonekana. Ondoa rangi, mama anarudi. Lakini tusidanganyane, kuna hasara. Kanga bila rangi ni nusu kanga. Ajabu ni kwamba jina la kanga, yale maandishi ya chini, husomeka vizuri zaidi kwenye kijivu kuliko kwenye rangi, na kwa mpiga picha wa pwani hilo si jambo dogo.

Kiufundi alitumia miaka mingi filamu ya Tri-X, ya kasi ya 400, yenye punje zinazoonekana, na mara nyingi alipiga akiwa amelielekea jua, jambo ambalo vitabu vya wanaoanza hukataza. Alilihusisha na utoto: mtoto yuko kivulini chini ya mti, baba anamjia akitokea juani, na anachokiona ni umbo jeusi lililozungukwa na mwanga. Mtazamo huo uko kila mahali kwenye kazi zake. Anayetaka kuuiga lazima akubali kupoteza sehemu za giza za picha, au ajifunze kwa miaka kusafisha picha kwenye chumba cha giza.

Mwaka 2008 alihamia kamera za kidijitali. Aliyemlazimisha ni mionzi ya viwanja vya ndege: mkanda ukipitishwa kwenye mashine za ukaguzi mara tatu nne unapoteza ule mpito laini wa kijivu, na yeye alisafiri na mamia ya mikanda. Ila hakukubali kuchagua picha kwenye kompyuta. Msaidizi alimchapishia karatasi za picha ndogondogo, naye akazipitia kwa kioo cha kukuzia kama zamani, na picha za maonyesho zikatengenezewa hasi (negative) za filamu kutoka kwenye faili ili zisafishwe kwenye karatasi ya kawaida ya picha. Mashine ilibadilika, mwendo wa kufikiri haukubadilika. Mwenzangu alitaka kujua mashine gani. Jibu la kisa hiki ni kwamba haijalishi sana, mradi ujue unaitaka kwa kazi gani.

Nyuso bila majina

Nimemsifu vya kutosha. Mtaji wa taaluma ulikuja na deni, na deni hilo ndilo sehemu ya kisa ninayotaka wenzangu waisome mara mbili.

Mwaka 2003 mwandishi wa Marekani Susan Sontag alihoji picha zake za wahamaji na wakimbizi. Hoja yake haikuwa tu kwamba ni nzuri mno kwa mambo mabaya, hiyo ilishasemwa na wengine. Alisema watu waliomo hawatajwi majina kwenye maelezo ya picha. Mtu mashuhuri akipigwa picha anatajwa. Asiye na kitu anakuwa mfano wa kazi yake, kabila lake au balaa lake. Salgado alijitetea kwamba naye ni mtoto wa nchi masikini, na kwamba hakuna sababu ya masikini kupigwa picha mbaya wakati mwanga unaowaangazia ni uleule wa matajiri. Kwa suala la uzuri nasimama naye. Kwa suala la majina, Sontag ana haki.

Na mimi naona chanzo cha kosa lile ni uchumi wake. Ni jambo la kawaida kabisa kwetu. Unamhoji mkulima saa mbili, anakukaribisha uji, anakueleza mtoto wake aliyefariki, halafu kwenye ripoti anakuwa "kaya namba 47". Tumefundishwa kwamba kufuta jina ni maadili ya utafiti, na mara nyingi ni kweli. Lakini kwenye picha uso haufutiki, uko wazi kwa kila mtu, na jina pekee ndilo linalokosekana. Mtu anabaki ameonyeshwa bila kutambulishwa. Aliyezoea kufikiri kwa makundi anaweza kupita miaka bila kuona kasoro hiyo.

Chukua Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya siku moja mbili, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Tanzania, na kambi ya Benako ikawa mji mkubwa kwa wiki chache. Salgado alifika. Picha zake za Benako ni kati ya zinazojulikana zaidi juu ya mwaka ule. Kwa macho ya mchumi wa kahawa kulikuwa na mengi ya kujua pale. Mkataba wa mgawo, ule aliokuwa anaufanyia kazi London, ulivunjika Julai 1989, bei ikaporomoka, na kahawa ndiyo iliyokuwa ikiiletea Rwanda sehemu kubwa ya fedha za kigeni. Simaanishi bei ya kahawa iliua watu. Walioua ni watu, kwa mpango, kwa chuki iliyopandwa. Ila ni wapiga picha wangapi waliosimama Benako wakijua bei ya kilo ya kahawa ilikuwa kiasi gani kabla ya 1989?

Wakati huohuo, kambini hapo, makarani wa misaada walikuwa wanaandikisha watu ili wapate mgawo wa chakula. Majina yalikuwepo, kwenye karatasi. Nyuso zilikuwepo, kwenye filamu. Hakuna aliyeviunganisha.

Kutoka huko alikwenda Goma, Zaire (Kongo ya leo), kwenye kipindupindu cha kambi za wakimbizi. Baada ya miaka ile mwili ulimgomea. Alisimulia kwamba daktari rafiki yake mjini Paris alimpima, asikute ugonjwa, akamwambia ameona vifo vingi mno na sasa ni yeye anayekufa, aache. Akaacha kamera, akarudi Aimorés. Shamba la wazazi wake, ambalo utotoni nusu yake ilikuwa msitu, lilikuwa limebaki na msitu usiofika asilimia moja. Ni Lélia tena aliyesema: tuupande upya. Mwaka 1998 wakaanzisha taasisi, Instituto Terra, yenye bustani ya miche, wafadhili, mafunzo kwa wakulima wa jirani, na kazi ya kufufua chemchemi. Miti zaidi ya milioni mbili imepandwa. Ukisoma maelezo ya mradi ule unakutana na mchumi wa kilimo waziwazi: aina za mbegu, gharama, miaka ya kungoja. Shahada ile ya São Paulo ilipata kazi iliyokusudiwa, miaka mingi baadaye.

Alirudi kwenye kamera. Kati ya 2004 na 2011 alipiga mandhari, wanyama na jamii za mbali. Tangu 2002 alikuwa ameanza pia kuwapiga picha wakulima wa kahawa, nchi kumi kwa jumla, Tanzania ikiwemo. Mwaka 2016 alichaguliwa kuingia Académie des Beaux-Arts, taasisi ya wasanii wateule ya Ufaransa, na baadaye akavalishwa koti lililodariziwa kama profesa wa maprofesa. Malaria aliyoipata Indonesia mwaka 2010 iliharibu uboho wake, na familia yake ilisema hiyo ndiyo asili ya saratani ya damu iliyomuua.

Nilimpelekea mwenzangu yote haya. Siku tatu hakujibu. Kisha akanipigia, hakuuliza tena mashine. Alikuwa amefungua makasha yaliyokaa stoo tangu alipomaliza uzamivu wake mwanzoni mwa miaka ya tisini: dodoso mia mbili na ushee za wakulima wa kahawa wa Karagwe, alizowajazia mwaka ule bei ilipokuwa chini kabisa. Majina yote yamo, kwa mwandiko wake mwenyewe, na umri, na idadi ya mibuni ya kila mmoja. Nikamkumbusha kwamba zile ni siri, aliwaahidi hivyo, kwa hiyo kila nyumba ataomba ruhusa upya, na akikataliwa anakunywa chai anaondoka. Akasema anajua, yeye ndiye aliyekuwa akifundisha somo hilo.

Nusu yao, anadhani, watakuwa wameshakufa. Anaondoka baada ya msimu wa mvua. Kamera ataazima ya bintiye.